Sanduku la Chini ya Kiti

Kwa miaka sita nilishona mapazia ya nyumba zinazotembea. Kampuni moja karibu na uwanja wa ndege wa Johannesburg ilikodisha kampa, yale magari yenye vitanda, jiko na choo ndani yake, na wageni kutoka Ulaya walizichukua kwenda baharini. Ziliporudi, mapazia yalikuwa yamefifia kwa jua na viti vimejaa mchanga. Mume wangu, aliyekuwa fundi wa injini pale, aliniletea vitambaa mtaani kwetu Troyeville, nami nikavifumua, nikavipima, nikavishona upya. Mchanga uliodondoka mezani niliukusanya kwenye kopo. Sikuwa na sababu maalumu. Ulikuwa mweupe na sikupenda kuutupa.

Chumba cha kazi nilishiriki na Gaston, fundi wa makochi kutoka Lubumbashi. Siku moja ya Juni 2005 nilimwambia kwamba bosi ametupa kampa moja kwa wiki nzima ya likizo ya Julai, maana wageni walioikodi walikuwa wamevunja safari. Gaston aliacha kupiga nyundo.

"Weye, Mama Amisa? Ku bahari?"

"Vilankulo, Msumbiji. Kutoka pale watu huvuka kwa boti kwenda visiwani."

"Banasema kule ni joto hata mwezi wa saba."

"Ndivyo wanavyosema."

"Utaniletea samaki. Moja tu, lakini mukubwa." Kisha akashusha sauti, ingawa tulikuwa wawili tu. "Na karatasi?"

Nilikuwa na pini mdomoni, nikaziacha zikae humo.

Habari ya karatasi inafaa niieleze polepole. Mume wangu alizaliwa Lungile Nkabinde, hapa hapa Johannesburg. Alipotoroka nchi mwaka 1979 kujiunga na wapigania uhuru, alipewa jina jingine, kama walivyopewa wenzake, ili polisi wasije wakawasumbua wazazi nyumbani. Nilipokutana naye Morogoro, nilikutana na Ezekieli Maseko, mtu wa kuchechemea kidogo aliyetoka Angola. Tulifunga ndoa bomani mwaka 1990. Cheti kinasema hivyo mpaka leo: Ezekieli Maseko na Hyasinta Kobelo.

Tuliporudi kwao mwaka 1993 alichukua kitambulisho kwa jina la kuzaliwa, mama yake akimshuhudia. Mimi niliingia kwa kibali cha muda. Mwaka 1995 kibali kilipokaribia kwisha nilikwenda ofisini na cheti changu cha ndoa. Karani alikuwa mpole. Alikisoma mara mbili.

"Mama," akasema, "kwenye daftari zetu huyu Ezekieli Maseko hayupo. Niletee yeye mwenyewe, au niletee cheti cha kifo chake."

Nilimweleza. Akasema basi ni jambo jepesi: mume wangu aape kwamba majina yote mawili ni ya mtu mmoja, na apatikane shahidi mmoja, asiye ndugu, anayemjua kwa jina lile la zamani. Asubuhi moja tu, alisema, tutakuwa tumemaliza.

Niliporudi nyumbani kumweleza mume wangu nilimkuta sebuleni na mama mgeni. Aliitwa MaSibeko, mtu wa Alexandra, mtaa mwingine wa jiji hili. Mwanawe, Bheki, alikufa Angola mwaka 1987 baada ya lori kupinduka. Katika barua yake ya mwisho kijana alimtaja rafiki yake, dereva, Ezekieli Maseko, na mama yule alikuwa akizunguka nyumba za watu waliorudi, moja baada ya nyingine, akimtafuta Ezekieli huyo amweleze mwanawe alikufaje. Nilikuwa naingia na sinia ya chai mume wangu alipojibu.

"Ezekieli nilimjua, mama," alisema, macho yake yakiwa kwenye viganja vyake. "Naye alikufa siku ile ile."

MaSibeko alikunywa chai yake yote. Alinishukuru, akaniita makoti, neno lao la mke wa nyumba. Kabla ya kuondoka aliandika anwani yake kwenye kipande cha karatasi, endapo mume wangu angekumbuka lolote zaidi.

Alipotoka, mume wangu alisema maneno machache. "Watu wanne, Hyasinta. Nilisinzia kwenye usukani." Kisha akasema, "Jina hilo tusilitaje tena humu ndani." Na kwa sauti ya kujilazimisha, "Ofisini wamesemaje?"

"Yameisha," nikasema.

Nimelipima neno hilo mara nyingi tangu siku ile. Lilikuwa uongo, lakini ukweli ungemtaka amfufue mtu aliyemzika mbele ya mama wa marehemu, saa hiyo hiyo, vikombe vikiwa bado na joto. Nilidhani ningemwambia wiki ijayo. Kibali kikaisha. Amisa akazaliwa. Mama yangu alipofariki Morogoro mwaka 1999 nilimwambia mume wangu kwamba mtoto ana homa na siwezi kusafiri, nikalia na mtoto mzima mapajani. Mji wangu ukawa mdogo: chumba cha kazi, kanisa, na Alhamisi Fordsburg kununua vitambaa, nikipita barabara ambazo polisi hawasimamishi watu. Kutoka nchini ningeweza. Lakini watu walisema ukitoka bila kibali unagongewa muhuri, na kwa miaka mitano huruhusiwi kurudi.

Kwa hiyo habari ya kampa ilipokuja, mume wangu ndiye aliyefurahi. Na furaha yenyewe ilikuwa na uzito, maana tangu Angola hakuwahi kumpakia mtu garini. Magari ya kampuni aliyaendesha ndani ya ua tu, kuyajaribu. Sasa alikuwa ananunua ramani.

"Kila Julai unakohoa," aliniambia. "Mwaka huu utakoholea baharini."

"Na wewe utaendesha?"

"Kilomita themanini kwa saa. Hata punda watatupita." Kisha akauliza, "Pasipoti yako iko sawa? Mimi na Amisa siku hizi hatudaiwi viza, lakini wewe..."

"Nimeshashughulikia."

Huo ulikuwa uongo wa pili, na ulitoka kwa wepesi kuliko wa kwanza. Nilijiambia nitasema kesho. Kesho nilishona mapazia mapya ya kampa ile, ya kitenge cha buluu. Kesho yake nilipanga sufuria. Katika mkebe wa biskuti niliweka pasipoti iliyokwisha muda, cheti cha ndoa, na anwani ya MaSibeko, nikausukuma chini ya unga na mchele.

Tuliondoka Jumamosi alfajiri, nyasi za barabarani zikiwa nyeupe kwa baridi. Mume wangu alishika usukani kama anavyoshikwa mtoto mchanga na mtu asiyezoea. Kila nusu saa alisimama, akashuka, akanawa uso kwa maji ya chupa.

"Baba, choo kiko humu humu ndani," Amisa alimwambia. Alikuwa na miaka tisa. Alisikia Kiswahili chote, lakini alijibu kwa Kiingereza, na akikasirika kwa Kizulu.

"Najua. Naamsha macho."

Tukapita Witbank na moshi wake wa makaa, tukapita Middelburg. Amisa alikaa nyuma, kwenye kiti kirefu nilichokishona, akisoma vibao kwa sauti. Komatipoort ndio mji wa mwisho kabla ya mpaka, na kila kibao kiliutaja. Mia mbili na sabini. Mia mbili na kumi. Tuliposhuka mabonde ya kwenda Nelspruit hewa ilibadilika, kukawa na michungwa kando ya barabara na wauza ndizi wenye fulana nyepesi. Nilivua sweta yangu katikati ya Julai. Ngozi ya mikono ilifurahi bila kuniuliza.

"Mia moja na nne!" Amisa akasema. "Mama, mbona unatoka jasho?"

"Ni joto, mwanangu."

"Eish, si joto hivyo."

Kibao kiliposema arobaini na tano, tukiwa kati ya mashamba ya miwa, nilimwomba mume wangu asimame. Alidhani nataka kutapika. Alipaki kwenye njia ya matrekta, miwa imetufunika pande zote, nikamwambia yote. Nilianza na karani, nikamaliza na homa ya Amisa ambayo haikuwapo. Amisa alikuwa ameshuka kuokota kipande cha muwa.

Alinisikiliza mpaka mwisho. "Ulisema yameisha," akasema.

"Nilisema hivyo."

"Miaka kumi."

"Ndiyo."

"Kwenye mazishi ya mama yako..."

"Ndiyo, Baba Amisa."

Alitazama mbele, kwenye kioo. Nilitegemea hasira, na ningeipokea. Badala yake aligeuka taratibu, akatazama nyuma ya gari, na macho yake yakatua kwenye kiti kirefu.

"Kiti kile umekishona wewe," alisema. "Unajua kinavyofunguka."

Nilijua. Chini yake kulikuwa na sanduku la mbao ambamo wageni waliweka mahema. "Sentimita mia sabini na tano kwa arobaini na nane," nikasema. "Mimi ni mia sitini na mbili."

"Dakika kumi tu. Foleni ya mpakani leo ni ya watu wa likizo. Hawafungui viti."

"Na wakifungua?"

"Amisa atalala juu yake."

Ndivyo tulivyoongea, kama watu wanaopima dirisha. Sikumlaumu. Mtu aliyekwisha kukosa njia huona mlango hata kwenye kabati. Na mimi mwenyewe niliitaka bahari ile. Nilisema tujaribu hapa kwanza, gari likitembea, tuone kama napata hewa.

Nikaingia. Nililala ubavu, mikono kifuani. Amisa aliitwa. Alisimama na muwa wake mkononi.

"Ni mchezo?" akauliza.

"Ni mchezo," baba yake akasema, na sauti yake haikufanana na mchezo.

Kifuniko kikashuka. Harufu ilikuwa ya mbao na gesi ya jiko, na chini ya shavu langu kulikuwa na mchanga, punje chache zilizoponyoka ufagio. Amisa akakaa juu yangu, na nilisikia mshono wangu mwenyewe ukilia kwa uzito wake. Injini ikawaka. Kila shimo la njia lilinigonga bega. Nikaanza kupiga hesabu, maana ndivyo ninavyojituliza: dakika kumi kwenda. Siku tano baharini nikiwa siruhusiwi kuwapo. Dakika kumi kurudi, humu humu. Halafu Troyeville, chumba cha kazi, kanisa, Fordsburg siku ya Alhamisi. Nilijaribu kuigeuza hesabu ije na jibu jingine. Hewa ilikuwepo. Kifua changu kilikataa kuivuta.

"Lungile," nikaita. Injini ilikuwa kubwa kuliko sauti yangu. Nikaita tena. Kisha nikapiga mbao kwa kiganja, na kilichotoka kinywani sikukichagua.

"Ezekieli! Ezekieli, nifungulie!"

Gari lilisimama kwa nguvu hadi sufuria zikaanguka. Alikuja nyuma mwenyewe, akamwinua Amisa, akafungua. Nilikaa humo humo ndani ya sanduku, nikihema. Yeye alikaa sakafuni, mgongo kwenye jiko.

"Nani Ezekieli?" Amisa akauliza.

Nje miwa ilisugua ubavu wa gari.

"Mama, nani Ezekieli?"

"Ni mimi," mume wangu akasema.

"Wewe ni Lungile."

"Na huyo pia."

Amisa alitutazama mmoja mmoja. Alinipa muwa wake nimenye, maana meno yake ya mbele yalikuwa mapya. Niliumenya. Mume wangu aliuliza, bila kuniangalia, "Ile anwani ya mama yule. Uliitupa?"

"Iko kwenye mkebe. Chini ya unga."

Hatukuiona bahari. Tulilala kwenye kambi moja karibu na Malelane, na asubuhi mapema tukageuza, tukapanda tena milima, nikavaa sweta yangu.

Tuliingia Alexandra Jumapili baada ya saa sita mchana. Anwani ilitupeleka kwenye kichochoro ambacho mtu yeyote aliyezoea angepaki mbali akaingia kwa miguu. Mume wangu aliingiza gari. Nadhani aliogopa kwamba akishuka kutembea, miguu ingempeleka kwingine. Kufika katikati, kati ya ukuta na duka dogo la spaza, kampa ilinasa. Mbele pamekuwa pembamba, nyuma teksi mbili zimeshatufuata na zinapiga honi.

"Baba!" kijana mmoja akapaza sauti. "Bahari iko Durban! Umepotea!"

"Wazungu wamekuja kupiga kambi!" mwingine akasema, kisha akachungulia. "Aa, kumbe si wazungu. Ni mjomba fulani tu, amenasa kwenye ukuta."

Watu walicheka, na wengine walianza kutoa ushauri wa usukani, kila mmoja wake. Katikati ya kelele hizo mama mmoja alitoka ua wa tatu, akiwa bado na sare ya kanisani, blauzi nyekundu na kola nyeupe. Miaka kumi ilikuwa imemkunja mgongo. Alikuja kuona kinachozuia njia. Aliniona dirishani.

"Wewe," akasema kwa Kizulu. "Wewe ni yule makoti wa chai."

Nilimfungulia mlango. Alipanda kwa shida, akikataa mkono wangu, akaketi kwenye kiti kirefu, juu ya sanduku lile. Mume wangu hakuketi. Alisimama, kichwa kikigusa paa, mikono kaishusha kama mwanafunzi.

"Mama," akasema, "siku ile nilikudanganya. Ezekieli Maseko hakufa. Ni mimi. Nilikuwa naendesha, nikasinzia."

Honi zilikuwa zinaendelea. MaSibeko alimtazama usoni.

"Alikuwa amekula?" akauliza.

"Mama?"

"Mwanangu. Siku ile. Alikuwa amekula?"

"Maharage," mume wangu akasema. "Na chai. Sukari yake alinipa mimi, akasema dereva anahitaji."

MaSibeko aliitikia kwa kichwa, kama mtu anayekipokea kitu na kukipima uzito. Nje nyuso zilikuwa zimebanana kwenye vioo.

"Makoti, funga hayo mapazia," akaniambia.

Niliyafunga yote, upande huu na upande ule, na ndani kukawa buluu. Mume wangu alimsimulia tangu asubuhi ya siku ile, tangu alivyowasha lori. Amisa alisikiliza kila neno. Sikumtoa. Simulizi lilipofika mwisho, MaSibeko alifuta uso kwa kola yake.

"Kila Novemba nawasha mishumaa miwili," alisema. "Mmoja wa Bheki. Wa pili ni wako. Miaka kumi nimekununulia mshumaa, wewe mtu."

"Ndiyo, mama."

"Sasa nishushe. Na uondoe nyumba yako njiani, watu wapite."

Ilibidi wanaume kumi na wawili watusukume kinyumenyume, na rangi ya ubavu mzima ilibaki kwenye ukuta ule. Habari ya karatasi sikuitaja. Siku ile haikuwa yangu.

Jumapili iliyofuata mume wangu alikwenda Alexandra peke yake. Hakufunguliwa. Ya pili aliongea naye mlangoni. Ya tatu alipewa kiti, naye MaSibeko akamwuliza makoti wa chai ni mtu wa wapi, mbona siku ile alionekana kama mtu aliyetolewa kisimani. Mume wangu alimweleza, mpaka sanduku. Alirudi na ujumbe wake: nimfuate siku yoyote isiyo ya kanisa, twende ofisini, shahidi ni yeye.

Tulikwenda ofisini Jumanne moja ya Septemba, sisi watatu. Karani mpole hakuwapo tena. Alikuwapo kijana mwenye haraka. MaSibeko alikuja na barua ya Bheki ndani ya mfuko wa plastiki, na picha ndogo ya vijana wawili wameegemea lori. Kijana aliiweka picha kando ya uso wa mume wangu, akalinganisha.

"Mama, unamfahamu mtu huyu kuwa ni Ezekieli Maseko?"

"Ndiye huyu," akasema. "Ndiye aliyekuwa anaendesha."

"Hilo la kuendesha halihitajiki, mama. Ninaandika tu kwamba unamfahamu."

"Liandike."

"Fomu haina nafasi ya..."

"Nimepanda teksi mbili kuja hapa, mwanangu. Liandike. Na uandike kwamba hakufa."

Kijana alitutazama sisi, akatazama foleni nyuma yetu, akaigeuza fomu na kuandika upande wa nyuma, ambako palikuwa tupu. Alimsomea polepole. MaSibeko akaitikia. Kisha kalamu ikapewa mume wangu, naye akatia sahihi chini ya maneno yale, jina moja, halafu la pili.